Taji la Malkia Lililowasha Moto Texas: Stori ya Homecoming Ambayo Muvi Hazikuonyeshi

Kama umeangalia muvi za shule za Kimarekani hata tatu tu, picha hii unaijua. Ni Ijumaa usiku. Taa kubwa zimewashwa uwanjani, bendi ya shule inapuliza matarumbeta, wasichana wenye sketi fupi wanarushwa juu huku wanashangilia, na vijana waliovaa kofia ngumu wanagongana kama mafahali. Mapumziko yakifika mchezo unasimama. Linatajwa jina la msichana mmoja, anavishwa taji, anapunga mkono, uwanja mzima unalipuka.

Hiyo ndiyo Homecoming. Kwa Kiswahili cha mtaani tuseme tu "kurudi nyumbani".

Wengi huku wanaichukulia kama pati ya shule yenye mpira ndani yake, basi. Kumbe ni sherehe yenye zaidi ya miaka 100. Na kuna mji mmoja mdogo kule kusini mwa Texas ambako mwaka 1969 ishu ya nani avae hilo taji ilizaa mgomo, mgomo ukafika mpaka Washington, na mwisho wake watu waliokuwa wanaendesha mji wakapigwa chini.

Twende taratibu, maana bila kujua sherehe yenyewe ilivyo huwezi kuelewa kwa nini watu walikasirika vile.

WIKI YENYEWE INAVYOKUWA

Msimu wa futiboli ya Kimarekani kwa sekondari unaanza mwishoni mwa Agosti. Mazoezi yanaanza mapema zaidi, jua likiwa bado la kukaanga mayai. Kila upande una wachezaji 11, uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli, na kwa sekondari wanacheza robo 4 za dakika 12. Shule inacheza mara moja tu kwa wiki, mechi kama 10 kwa msimu wa kawaida. Nusu ziko ugenini, kwa hiyo mechi za nyumbani zinabaki kama 5 hivi kwa mwaka mzima.

Sasa kati ya hizo chache, moja inachaguliwa, mara nyingi ya Septemba au Oktoba, inakuwa mechi ya Homecoming. Na hapo ndipo shule inapochanganyikiwa.

Wiki hiyo kila siku ina vazi lake. Leo watu wanakuja na nguo za kulalia, kesho marafiki wawili wanavaa sare kama mapacha, keshokutwa ni mavazi ya enzi za babu, na siku ya mwisho ni rangi za shule kuanzia kofia mpaka soksi. Madarasa yanashindana kupamba korido. Jioni madogo wanajazana kwenye gereji ya mzazi wa mtu, wanapigilia mbao na karatasi za rangi kwenye trela mpaka linageuka jukwaa linalotembea. Ijumaa mchana shule nzima inaingia jimu, ngoma zinapigwa, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja. Baada ya hapo ni gwaride katikati ya mji, halafu mechi usiku, na Jumamosi ni dansi, watu wamevaa wamependeza.

Texas wao wana ya kwao. Zamani kijana alimnunulia binti ua halisi la krisanthemamu, analibandika kifuani, yameisha. Siku hizi ua ni la kitambaa, lina riboni zinazofika magotini, kengele, midoli na taa za betri. Mengine mazito kiasi kwamba binti analivaa shingoni kwa mkanda, na bei inaweza kufika mamia ya dola. Kijana naye anavaa dogo lake mkononi. Ukimwona binti anatembea analia kengele kama ng'ombe wa Mmasai, ujue ni wiki ya Homecoming Texas.

Lakini kiini cha yote ni wale wanaorudi. Waliomaliza mwaka jana wanarudi kutoka vyuoni. Waliomaliza miaka 20 iliyopita wanarudi na watoto. Kuna wazee wanaokaa pamoja kwa darasa lao, wanahesabiana nani bado yupo. Na malkia wa mwaka uliopita, kwa shule nyingi, anarudi kumvisha taji mwenzake mpya.

Shika hilo neno: wanaorudi. Stori yote iko hapo.

ILIANZIA WAPI?

Vyuo kadhaa vinagombania kuwa vya kwanza. Baylor, chuo cha Waco, Texas, kiliita wahitimu wake Novemba 1909. Chuo Kikuu cha Illinois kikafanya yake Oktoba 1910. Lakini inayotajwa zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1911, na stori yake ni tamu.

Missouri na Kansas walikuwa mahasimu wa kufa mtu. Majimbo hayo mawili yalishapigana mpakani kwa risasi za kweli kabla na wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, sasa wakahamishia bifu kwenye mpira. Kwa miaka mechi yao ilizoeleka kuchezwa Kansas City, mji mkubwa, mashabiki wa pande zote wanafika kirahisi. Mwaka 1911 ikaja sheria mpya kwamba mechi za vyuo zichezwe kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe.

Hapo mkurugenzi wa michezo wa Missouri akapata presha. Chuo chake kiko Columbia, mji mdogo. Nani atasafiri mpaka kule? Akatuma wito kwa wahitimu wote: rudini nyumbani. Ikapangwa gwaride, mkutano wa hamasa na mechi. Watu zaidi ya 9,000 wakajaa. Mechi ikaisha 3-3, hakuna aliyemcheka mwenzake.

Wale wa Kansas ambao hawakusafiri nao walifanya jambo la ajabu kwa wakati huo. Zaidi ya watu 1,000 walikusanyika mji wa Lawrence, matokeo yakawa yanakuja kwa waya wa telegrafu, mtu anasoma, na mwendo wa mpira unaonyeshwa kwenye ubao mkubwa. Yaani watu wanashangilia ubao! Ilikuwa "laivu" kabla redio haijafika majumbani.

Wazo likasambaa vyuoni, sekondari zikaiga. Mambo ya malkia na kamati yake hayakuwepo mwanzoni, yaliongezwa baadaye. Kwa miji midogo isiyo na chuo wala timu ya kulipwa, sekondari ndiyo ikawa kila kitu. Mji mzima una timu moja, uwanja mmoja, bendi moja. Ukitaka kujua nani ni nani pale mjini, nenda Ijumaa usiku uangalie nani amekaa wapi.

IJUMAA ILIKUWA YA NANI?

Ijumaa usiku ni kitu kizito Marekani mpaka kina ulinzi wa sheria. Mwaka 1961 bunge lao lilipopitisha sheria ya kuruhusu ligi za kulipwa kuuza haki za matangazo ya televisheni kwa pamoja, liliweka kizuizi: wakati wa msimu, ligi ya futiboli ya kulipwa isijipenyeze kwenye Ijumaa usiku na Jumamosi kuua mechi za sekondari na vyuo. Ndiyo maana ligi kubwa ilizoeleka kuwa ya Jumapili.

Lakini kulikuwa na watu ambao Ijumaa haikuwa yao kabisa. Texas ya enzi za ubaguzi, watoto weusi walisoma shule zao na walikuwa na ligi yao, iliyodumu kuanzia 1920 mpaka 1970. Kwenye miji mingi uwanja ulikuwa mmoja, na Ijumaa ulishikwa na shule za wazungu. Weusi wakacheza Jumatano na Alhamisi usiku. Taa zilezile, nyasi zilezile, siku tofauti. Na bado walijaza uwanja, bendi zao zilikuwa moto, na kutoka kwenye hizo Alhamisi walitoka wachezaji waliokuja kutikisa ligi ya kulipwa.

Halafu shule zilipounganishwa, nyingi za weusi ndizo zilizofungwa. Jengo likafungwa, jina likafa, rangi zikafa, makombe mengine yakaishia stoo. Fikiria umesoma shule miaka minne, una kumbukumbu zote, halafu unaitwa "rudi nyumbani" na nyumbani penyewe pamefutwa.

Kwa hiyo neno "nyumbani" lilikuwa na wenyewe. Na hapo ndipo tunafika Crystal City.

MJI WA SPINACHI

Crystal City uko kusini mwa Texas, si mbali na mpaka wa Meksiko. Mwaka 1969 ulikuwa na watu kati ya 8,000 na 9,000. Ulijiita makao makuu ya spinachi duniani, na mbele ya ofisi za mji walisimamisha sanamu ya Popeye, yule baharia wa katuni anayekula spinachi anapata misuli. Sanamu iliwekwa mwaka 1937.

Zaidi ya watu 8 kati ya 10 pale walikuwa na asili ya Meksiko, wengine familia zao zipo Texas vizazi na vizazi. Kizazi kipya kilijiita Wachikano. Wazungu walikuwa wachache, lakini ardhi nzuri, biashara na vyeo vingi vilikuwa vyao. Mwaka 1963 Wachikano watano waliwahi kushinda viti vyote vya baraza la mji, nchi nzima ikashangaa. Miaka miwili baadaye wakaangushwa, mambo yakarudi kama zamani.

Maisha ya familia nyingi za Kichikano yalikuwa ya kuhama. Msimu wa spinachi ukiisha, baba anapakia familia kwenye gari au lori, wanaelekea kaskazini kufanya kibarua: kupalilia viazisukari Minnesota, kuchuma matango Wisconsin. Safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Watoto wanaondoka kabla shule haijafungwa, na wanarudi vuli, shule imeshafunguliwa wiki kadhaa. Mtoto anakuta wenzake wako mbele, anabaki nyuma, mwaka unaofuata hivyohivyo, mwisho anaacha. Ndiyo sababu kwa kizazi cha wazazi wao, waliofika mpaka kumaliza sekondari walikuwa wa kuhesabu.

Shuleni kwenyewe, kuongea Kihispania lilikuwa kosa la kuadhibiwa. Wewe uliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa sababu ulichapia Kiswahili au kilugha kwenye eneo la shule, hapo huhitaji maelezo.

NAFASI MOJA TU

Kichefuchefu kilianzia kwenye kikundi cha washangiliaji. Kwa Mmarekani wa sekondari, binti kuwa mshangiliaji si jambo dogo. Ni sura ya shule. Anavaa sare kila Ijumaa, anaongoza gwaride, mji mzima unamjua.

Sasa kwenye shule ambayo wengi kabisa ni Wachikano, kikundi kilikuwa na washangiliaji wanne, na mazoea yalikuwa hivi: wazungu watatu, Mchikano mmoja. Waliokuwa wanachagua ni jopo la walimu, si wanafunzi. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini kila mtu alijua.

Majira ya kuchipua ya 1969 washangiliaji wawili wa kizungu walikuwa wanamaliza shule, nafasi mbili zikawa wazi. Akajitokeza binti mmoja wa Kichikano. Anaruka vizuri, sauti anayo, hata wenzake walijua anastahili. Walimu wakachagua wazungu wawili. Kisa? Mchikano tayari yupo mmoja.

Wanafunzi wakaandika madai, wakakusanya sahihi. Mkuu wa shule akagoma kusikiliza. Msimamizi mkuu wa shule za mji yeye akatafuta njia ya kati: basi wawe watatu kwa watatu. Ukiangalia hesabu, nusu kwa nusu kwenye shule ambayo wanafunzi 8 kati ya 10 ni Wachikano bado haijakaa sawa, ila wanafunzi walikubali. Wazazi wa kizungu ndio waliokuja juu. Ndani ya muda mfupi bodi ya shule ikafuta makubaliano yote. Shule zikafungwa, familia zikapakia malori, zikaenda kaskazini kwenye matango. Hasira nazo zikasafiri.

SHARTI LA MZAZI

Vuli ikafika. Msimu wa mpira ukaanza, familia zikaanza kurejea, na maandalizi ya Homecoming yakapamba moto. Chama cha wahitimu wa zamani wa shule kikatangaza kwamba kitamvisha taji malkia wake kwenye mechi. Safi. Halafu likaja sharti: msichana anayetaka kugombea lazima mzazi wake mmoja, angalau mmoja, awe amehitimu shule hiyohiyo.

Lisome tena taratibu. Kwenye karatasi halitaji kabila, halitaji rangi. Mtu anaweza kukuambia ni sherehe ya wahitimu, kwa hiyo mtoto wa mhitimu apewe kipaumbele, kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye yale malori. Baba aliyeacha shule akiwa darasa la sita kwa sababu alikuwa anapalilia viazisukari Minnesota hawezi kuwa mhitimu. Mama aliyeolewa kambini Wisconsin hawezi kuwa mhitimu. Kwa sharti moja, karibu wasichana wote wa Kichikano wakaondolewa kwenye kinyang'anyiro bila mtu kuwaambia "nyinyi hatuwataki". Adhabu ya mzazi kunyimwa shule ikahamia kwa binti yake.

Na angalia kinachouma zaidi. Sherehe inaitwa kurudi nyumbani. Pale mjini, kila vuli, waliokuwa wanarudi nyumbani kweli, kwa barabara, kilomita 2,000 na vumbi, magodoro juu ya gari na watoto wamelala nyuma, walikuwa ni hawa hawa. Mji ukaandaa sherehe ya kurudi nyumbani na kuwaambia wanaorudi kwamba haiwahusu.

Yupo mwingine aliyerudi mwaka huo. Kijana wa miaka 25, mzaliwa wa mji, mhitimu wa shule hiyohiyo, aliyekwenda kusoma siasa chuoni na kuanzisha na wenzake umoja wa vijana wa Kichikano San Antonio. Alirudi na mke wake wakiwa na mpango wa kuamsha mji. Lakini hakuwa wa kwanza kuwasha kiberiti. Kiberiti walikuwa nacho wanafunzi, hasa mabinti.

Mmoja wao aliandika vipeperushi kulalamikia sharti la malkia, akavigawa shuleni. Akasimamishwa masomo. Ikawa kama kumwagia petroli. Orodha ya madai ikarefuka: washangiliaji na malkia wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, Kihispania kisiwe kosa, historia ya Wachikano ifundishwe, waajiriwe walimu na washauri wanaoielewa jamii yao. Yakapelekwa kwenye bodi. Bodi ikajibu kwamba haikuona ubaguzi wowote.

TAREHE 9 DESEMBA

Jumanne ya tarehe 9 Desemba 1969, wanafunzi wa sekondari wakatoka nje ya madarasa. Siku zilizofuata wakafuata wa shule za chini, mpaka watoto wadogo. Waliogoma wakapita 1,000, kwenye mji ule mdogo. Wazazi wakasimama nao barabarani na mabango, baba wenye kofia za shamba, mama wenye mitandio. Watu ambao maisha yao yote walizoea kuinamisha kichwa mbele ya mwenye shamba.

Wanafunzi walicheza na hesabu pia. Texas, shule inapata pesa za serikali kulingana na mahudhurio. Kila kiti kitupu kilikuwa pesa inayopotea. Biashara moja iliyofukuza kazi wanafunzi waliogoma ikasusiwa, watu wakaacha kununua pale. Likizo ya Krismasi ilipofika, wakaja walimu wa kujitolea kuwafundisha waliogoma, wasije kuambiwa wamegoma ili walale.

Wanafunzi watatu wakapanda ndege mpaka Washington. Madogo wa mji wa spinachi, wakakaa na maseneta, akiwemo Ralph Yarborough wa Texas na Edward Kennedy, wakaeleza kuanzia kwenye washangiliaji mpaka kwenye fimbo za Kihispania. Bila shaka wapo waliocheka: yaani seneta asumbuliwe kwa ajili ya pomponi na taji? Lakini Wizara ya Sheria ya Marekani haikucheka. Ilituma wapatanishi.

Mwanzoni mwa Januari 1970 bodi ikasalimu amri. Madai mengi yakakubaliwa, wagomaji wasiadhibiwe, na kura za washangiliaji na malkia zikawekwa mikononi mwa wanafunzi. Hakuna tena jopo, hakuna tena "yupo mmoja anatosha".

BAADA YA VUMBI KUTULIA

Wazazi waliosimama barabarani wiki zile walikuwa wameonja kitu. Mwezi huohuo wa Januari kikazaliwa chama cha siasa pale pale Crystal City, La Raza Unida. Aprili 1970 chama hicho kikashinda viti kwenye bodi ya shule na baraza la mji. Yule kijana wa miaka 25 akawa mwenyekiti wa bodi ileile iliyosema haioni ubaguzi. Elimu ya lugha mbili ikaingia madarasani.

Mwaka 1972 chama kikasimamisha mgombea ugavana wa Texas. Alikuwa mwanasheria kijana, na kabla ya sheria aliwahi kuwa mchezaji wa futiboli wa Baylor, chuo kilekile kilichoita wahitimu wake nyumbani mwaka 1909. Alipata zaidi ya kura 200,000, kama asilimia 6. Hakushinda, ila vyama vikubwa vilitoka jasho.

Tusiifanye hadithi ya malaika. Familia nyingi za wazungu ziliwaondoa watoto wao shuleni, wengine wakahama mji kabisa, na majirani wakanuniana kwa miaka. Chama nacho kikaingia migogoro ya ndani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kimekwisha nguvu. Mwaka 1977 mji ukakatiwa gesi kwa sababu ya deni, watu wakarudi kupikia kuni. Kushinda uchaguzi na kuondoa umaskini ni kazi mbili tofauti.

Ila kitu kimoja hakikurudi nyuma. Binti wa kibarua, anayefika shuleni Oktoba na vumbi la safari, akitaka kugombea taji, hakuna anayemuuliza baba yake alisoma mpaka darasa la ngapi. Anaangalia wenzake, wenzake wanapiga kura.

Leo mtu anaweza kuona Homecoming kwenye TikTok, maua ya riboni, magauni, mabango ya kuombana kwenda dansi, akasema ni mambo ya watoto. Inawezekana. Lakini mwaka 1969 watu wazima wa mji mzima waliona ni jambo kubwa kiasi cha kulitungia sharti, na watoto wakaona ni jambo kubwa kiasi cha kuacha madarasa matupu kwa karibu mwezi. Wote wawili walijua kinachogombaniwa. Anayesimama katikati ya uwanja Ijumaa usiku, mbele ya mji mzima, ndiye ambaye mji unasema: huyu ni wa kwetu.

Wasichana wa Crystal City walikuwa wa pale kabla hata ya hilo taji. Walichokataa ni kuambiwa walete cheti cha mzazi kuthibitisha.

Je, mdau, shuleni kwenu au mtaani kwenu kuna sharti la namna hii, ambalo kwenye karatasi linaonekana safi lakini kila mtu anajua limewekwa kumzuia nani?